Jina adimu si cheti cha uungwana: historia ya jina la Attenborough

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu majina ya koo ya Waingereza. Mwandishi alilichagua jina la Attenborough kuwa mfano wa jina adimu, na katika uchaguzi huo hakukosea, kwa maana ni majina machache ya Waingereza yanayojulikana dunia nzima huku wenye nayo wakiwa wachache kiasi hicho. Lakini juu ya mfano huo mzuri alijenga hoja mbili zisizoweza kusimama. Alisema kwamba hifadhi ya ndege ya Attenborough, iliyo kando ya mto Trent katika kaunti ya Nottinghamshire, ilipewa jina hilo kwa heshima ya Sir David Attenborough, mtangazaji mashuhuri wa vipindi vya wanyamapori. Kisha akahitimisha kwamba jina likiwa adimu ni dalili ya asili ya kiungwana, na kwamba wote wenye nalo ni ukoo mmoja wenye nembo yake, yaani alama ya ngao inayorithiwa. Hoja ya kwanza inasahihishwa kwa mistari michache. Ya pili inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu imeenea mno, na wapo wanaoitumia kuwauzia nembo na vyeti watu wasiojua.

Attenborough ni kijiji. Kipo kusini-magharibi mwa jiji la Nottingham, jirani na mji wa Beeston, na kina kanisa la kale la Mtakatifu Maria. Wataalamu wa majina ya mahali wanaeleza kwamba jina lake limetokana na Kiingereza cha kale na lilihusu ngome ya mtu aliyeitwa Adda. Karibu na kijiji hicho, kuanzia mwaka 1929, palichimbwa kokoto na mchanga, na mashimo yaliyoachwa yakajaa maji na kuvutia ndege wa kila namna, hata mwaka 1966 eneo hilo likafunguliwa rasmi kuwa hifadhi. Aliyealikwa kulifungua alikuwa David Attenborough mwenyewe, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Hifadhi ilichukua jina la kijiji, na mgeni wa heshima naye alikuwa na jina la kijiji hichohicho, ila yeye alilirithi kwa baba yake.

Ili kuelewa jinsi jina la kijiji linavyogeuka kuwa jina la watu, ni lazima kurudi katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani kutoka Ufaransa wa mwaka 1066. Kabla ya hapo Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Makabaila wa Kinormani ndio walioanza kurithishana majina ya mashamba yao, na kati ya karne ya 12 na ya 14 desturi hiyo ikashuka hadi kwa mafundi na wakulima, mapema zaidi kusini mwa nchi na kwa kuchelewa kaskazini. Wengine walipata majina kutokana na kazi, wengine kwa jina la baba, wengine kwa sifa ya mwili au tabia, na wengi mno kutokana na mahali. Jambo ambalo wasomaji wengi hawalitambui upesi ni kwamba mtu hakuitwa kwa jina la kijiji wakati akiishi ndani yake, kwa kuwa huko kila mmoja angestahili kuitwa hivyo na jina lisingemtofautisha na yeyote. Aliitwa hivyo alipohama. Majirani wapya walimtambua kwa alikotoka, karani wa kodi au wa mahakama akaandika kama walivyomtaja, na watoto wake wakabaki na jina hilo hata kama hawakuwahi kukiona kijiji chenyewe.

Mfano mzuri umo katika kijiji hichohicho. Henry Ireton, jenerali wa jeshi la Bunge katika vita dhidi ya mfalme na mkwe wa Oliver Cromwell, kiongozi wa upande huo, mmoja wa waliotia sahihi hati ya kumwua Mfalme Charles I mwaka 1649, alizaliwa Attenborough mwaka 1611. Jina lake ni la mahali katika kaunti jirani ya Derbyshire. Kwa hiyo mzaliwa mashuhuri kuliko wote wa Attenborough alibeba jina la kwingine, ilhali jina la kijiji chake lilikuwa likibebwa na watu wa vijiji vya jirani. Wala hilo si ajabu. Ndiyo kanuni ya majina ya namna hii.

Kwa sababu hiyo, ramani ya mtawanyiko wa jina huwa na uzito kuliko watu wanavyodhani. Chanzo bora cha ramani hizo ni sensa ya mwaka 1881, iliyohesabu watu wapatao milioni 26 katika England na Wales, na ambayo imenakiliwa yote, jina kwa jina, hivi kwamba mtafiti anaweza kuona kila jina lilikuwa katika kaunti gani. Jina la Smith limetapakaa nchi nzima, kwa sababu kila mahali palikuwa na mhunzi. Attenborough linaonekana kwa namna nyingine kabisa: limejikusanya Nottinghamshire na maeneo yanayopakana nayo, kisha kuna kundi lililojitenga London, na kwingineko ni hapa mmoja, pale wawili. Zaidi ya miaka mia tano tangu majina ya aina hii yaanze kurithishwa, kitovu cha jina kilikuwa bado hakijasogea mbali na mto Trent.

Ramani hiyo husaidia pia kupunguza ubishi wa asili. Wapo waliodhani kwamba jina hili ni la kundi moja na Attwood na Attwell, yaani majina ya watu walioishi penye msitu au penye kisima, ambayo yangeweza kuzuka popote nchini bila uhusiano wowote. Kama ingekuwa hivyo, tungetarajia vitovu kadhaa kwenye ramani, kimoja kusini, kingine magharibi. Kitovu ni kimoja, nacho kipo mlangoni mwa kijiji chenye jina lilelile. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa kutosha kuelemea upande wa kijiji.

Kwa nini jina lilikaa muda mrefu hivyo mahali pamoja? Sheria ya makazi ya mwaka 1662 iliruhusu mgeni maskini arudishwe katika parokia alikotoka, ikiwa wenyeji walihofia kwamba atakuja kuwa mzigo kwao, na kwa hiyo mtu wa hali ya chini alisita kuhama mbali. Zaidi ya hayo, Nottinghamshire ilikuwa na kazi. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa na William Lee wa Calverton, katika kaunti hiyohiyo, mwaka 1589, na baadaye vijiji vingi vya eneo hilo viliishi kwa ufumaji wa soksi na kisha wa lesi. Kijana aliyeweza kupata riziki nyumbani hakuwa na haja ya kujaribu bahati yake Liverpool au Bristol.

Kundi la London lina kisa chake. Katika karne ya 19 watu wa jina la Attenborough walikuwa na maduka ya rehani katika mitaa mikubwa ya jiji hilo, Fleet Street ukiwa mmojawapo, na kwa wakazi wengi jina lenyewe lilikumbusha moja kwa moja saa na pete zilizowekwa rehani. Hapa ndipo nadharia ya uungwana inapoanza kuchekesha kidogo, maana jina ambalo mwandishi wenu amelivika taji lilisomeka juu ya milango ambayo waungwana walioishiwa waliiingia kwa kujificha.

Familia ya Sir David nayo inaonyesha kwa nini watafiti hupenda kuanza na mwaka 1881 badala ya orodha za siku hizi. Baba yake, Frederick Attenborough, alizaliwa mwaka 1887 katika mji wa Stapleford, kilomita chache tu kutoka kijiji cha Attenborough. Elimu ndiyo iliyomtoa huko. Mwanawe Richard, aliyekuja kuwa mwigizaji na mwongozaji wa filamu, alizaliwa Cambridge mwaka 1923; David alizaliwa Isleworth, magharibi mwa London, mwaka 1926; na mwaka 1932 baba yao akawa mkuu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Leicester, ambako watoto walikulia. Anayewapanga ndugu hawa kwenye ramani kwa mahali walipozaliwa atadhani ni watu wa kusini. Akirudi nyuma kizazi kimoja tu, anajikuta Nottinghamshire. Reli, vyuo na ajira za mishahara zimefanya katika miaka mia moja kile ambacho karne tano zilizotangulia hazikufanya, na mtawanyiko wa leo wa jina lolote la Uingereza umechanganyika mno kuweza kutoa ushahidi ukiwa peke yake.

Nije sasa kwenye uadimu wenyewe, ambao ndio kiini cha barua hii. Jina la ukoo nchini Uingereza kwa kawaida limepita kwa watoto wa kiume. Mwanamume asiye na watoto, au aliyejaliwa mabinti watupu, jina lake linakoma kwake hata akiwa na wajukuu ishirini. Tauni kuu ya mwaka 1348 na 1349, iliyoua si chini ya theluthi moja ya watu, ilikuta majina mengi yakiwa bado machanga, mengine yakiwa na kaya moja tu, na tauni zilizofuata ziliendelea kuyafuta. Lakini hata pasipo janga, majina hupungua kwa bahati tupu ya uzazi. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliitangaza hesabu hiyo mwaka 1873, akiuliza ni majina mangapi yatatoweka baada ya vizazi kadhaa ikiwa idadi ya watoto wa kiume katika kila nyumba ni suala la bahati, na kasisi Henry William Watson akaileta njia ya kuikokotoa. Waliichapisha pamoja mwaka 1874. Watson aliteleza mahali pamoja, akahitimisha kwamba kila jina litakufa siku moja, na wanahisabati wa baadaye wakamsahihisha. Kilichomsukuma Galton kuuliza ni kwamba watu wa zama zake walikuwa wameona majina ya familia mashuhuri yakitoweka, wakatafuta sababu katika damu na maisha ya anasa. Hesabu ikaonyesha kwamba bahati peke yake inaweza kuyamaliza majina, ya wakubwa na ya wadogo sawasawa. Kwa hiyo jina lililobakiwa na watu wachache halijatuambia lolote kuhusu hadhi ya aliyelianzisha; limetuambia tu kwamba huenda lilianza na watu wachache na kwamba halikuzaa wanaume wengi.

Mahali nako kuna sehemu yake. Lancashire na upande wa magharibi wa Yorkshire yamejaa majina adimu kuliko sehemu nyingi za Uingereza, kwa kuwa watu huko waliishi katika mashamba yaliyotawanyika milimani, kila shamba na jina lake, na jina la shamba lenye nyumba moja lingeweza kuzaa jina la ukoo la familia moja tu. Haythornthwaite na Swindlehurst ni majina ya asili hiyo. Walioyaanzisha walikuwa wakulima na wachungaji wa kondoo.

Je, wote wenye jina adimu ni ukoo mmoja? Hapa mwandishi yuko karibu na ukweli, ingawa hakuufikia. Kromosomu Y, sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume, hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia ileile ya jina, na kwa hiyo vitu viwili hivyo vinaweza kulinganishwa. Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha mwaka 2009 matokeo ya uchunguzi wa wanaume 1,678 wenye majina 40 ya Kiingereza. Wenye jina la Smith hawakuhusiana kuliko watu waliookotwa barabarani. Lakini kwa majina ya Attenborough na Swindlehurst, zaidi ya asilimia 70 ya wanaume walikuwa na kromosomu Y ya aina moja au zinazokaribiana sana, yaani walitokana na babu mmoja wa mbali. Inapendeza kwamba kazi hiyo ilifanyika katika chuo kilekile alichokiongoza Frederick Attenborough kabla hakijapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1957.

Asilimia hiyo ni kubwa, ila haitoshi kusema wote. Waliobaki nje ya kundi wanaweza kuwa wa kizazi cha mtoto aliyepewa jina la mama kwa kuzaliwa nje ya ndoa, mtoto wa kulea, mtoto ambaye baba yake halisi hakuwa mume wa mama yake, au mtu aliyejichukulia jina, jambo ambalo sheria ya England imeliruhusu siku zote. Na hata wale wanaolingana hawathibitishi kwamba mwanzilishi alikuwa mmoja. Huenda watu watatu au wanne walihama kijijini katika karne ya 13 na kila mmoja akaitwa Attenborough mahali alipofikia, kisha bahati ya uzazi aliyoieleza Galton ikawafuta wengine na kumwacha mmoja atawale. Vinasaba haviwezi kutofautisha hali hizo mbili. Nyaraka ndizo zinazoweza, pale zilipobaki.

Yupo pia anayeweza kudhani kwamba jina adimu lenye makao ya kale linathibitisha damu ya Kiingereza isiyochanganyika, na kwa msomaji wa aina hiyo ninalo jibu. Mwaka 2007 watafiti haohao wa Leicester na wenzao walitangaza kwamba katika wanaume 18 wenye jina moja adimu la mashariki mwa Yorkshire, 7 walikuwa na kromosomu Y ya aina ambayo ilifahamika kuwa ya Afrika pekee, na ambayo kwa ulinganisho ilielekea kutoka Afrika Magharibi. Nyaraka ziliwaunganisha katika nasaba mbili zilizofikia Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18, na vinasaba vikaonyesha kwamba nasaba hizo zilikutana vizazi vichache nyuma zaidi. Wanaume hao ni weupe na hawakuwa na habari. Babu yao Mwafrika angeweza kuingia Uingereza katika zama za biashara ya utumwa, au nasaba yake ikawa huko tangu zama za Warumi, ambao katika karne ya 3 walikuwa na kikosi cha Wamauri, watu wa Afrika Kaskazini, kwenye ukuta wa Hadrian, ngome yao ya mpakani kaskazini mwa England. Ramani ya jina inaonyesha jina lilikokuwa; alikotoka kila aliyelibeba ni swali jingine.

Kuhusu nembo, sheria ya England iko wazi: nembo hutolewa kwa mtu, nayo hurithiwa na wazao wake halali wa mstari wa kiume. Hakuna nembo ya jina. Anayenunua bango lenye nembo ya Attenborough, ya Smith au ya jina lolote ananunua pambo la ukutani, na kama anapenda rangi zake sina ugomvi naye. Chuo cha wasimamizi wa nembo kilipewa hati yake mwaka 1484 na Mfalme Richard III, na mifupa ya mfalme huyo ilipofukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester mwaka 2012, ni Turi King aliyeongoza uchunguzi wa vinasaba. Vinasaba vinavyorithiwa kwa mama vililingana na vya jamaa zake walio hai. Lakini wanaume watano ambao vitabu vya nasaba vinawahesabu kuwa wa mstari wa kiume wa babu mkuu wake, Mfalme Edward III, walipopimwa kromosomu Y, hakuna hata mmoja aliyelingana naye. Ikiwa nasaba ya wafalme, iliyoandikwa na kulindwa na makarani wa kulipwa, imekatika mahali fulani, sijui mwandishi wenu anapata wapi uhakika juu ya nasaba ya wafumaji wa soksi.

Kwa wasomaji wanaotaka kufuatilia jina la namna hii wenyewe, nawashauri waanze na sensa za kila miaka kumi, ambazo zinataja majina tangu mwaka 1841 na parokia ya kuzaliwa tangu 1851, kisha wafuate usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulioanza England na Wales mwezi Julai 1837. Nyuma ya hapo kuna vitabu vya parokia vya ubatizo, ndoa na mazishi, vilivyoamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1538, ingawa vingi vina mapengo ya miaka ya 1640 na 1650, kwa sababu ya vita vilevile alivyopigana Henry Ireton na utawala uliovifuata. Nyuma zaidi zimebaki orodha za kodi ya kichwa za miaka ya 1377, 1379 na 1381. Watafute pia kwa tahajia za Attenborrow na Attenburrow, maana karani aliandika alivyosikia. Kwa upande wa miaka ya karibu, sensa ya 1921 ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Ya 1931 ya England na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, hivyo anayefuatilia familia katika miaka hiyo itambidi ategemee rejista ya wakazi iliyoandikwa mwezi Septemba 1939.

Wako,

Msomaji wa gazeti lako